Siku Nilipogawa Pepeta Wodini

Kuna watu hapa Namawala mpaka leo wakiniona wananiita Mama Pepeta, na mimi naitika, maana nikikataa ndipo wanaanza kumsimulia mgeni kisa chote tangu mwanzo, tena wanavyokisimulia wao wanaweka chumvi mpaka eti nilikimbia barabarani na gauni la hospitali likiwa wazi mgongoni (uongo, gauni nililishika vizuri na barabarani sikufika). Kwa hiyo leo nakisimulia mwenyewe, aibu ni yangu na mdomo ni wangu. Mnaotaka kwenda kufanya kile nilichokwenda kufanya mtapata cha kubeba, na wengine chekeni tu, nimeshazoea.

Nilikwenda kupunguza matiti. Haya, nimesema. Zamani ningemeza ulimi kabla ya kulitamka neno hilo mbele za watu, na kule kuona haya kulitamka ndiko kulikozaa mkasa wote huu.

Mungu wakati anagawa, wenzangu aliwapimia kwa kisado, mimi akanimwagia gunia. Tangu darasa la sita nilikuwa natembea nimekunja mabega kama mtu anayekwepa mvua, na baada ya kuzaa watoto watatu ndipo mambo yakawa mambo. Mikanda ya sidiria ilinichimba mifereji mabegani ambayo hata nikivua haifutiki, joto la huku kwetu mnalijua, chini ya matiti palikuwa hapakauki, upele na vidonda kila masika, shingo inauma, vidole vinakufa ganzi usiku, na shambani ndiyo usiseme. Mpunga hauna adabu, mpunga unataka uinamiwe, unapandikiza umeinama, unapalilia umeinama, unavuna umeinama, wenzangu wanainama na migongo yao tu, mimi nainama na mgongo na mizigo miwili inayonivuta niende kunywa maji ya jaruba.

Mama mkwe wangu, Mama Kolastika, ambaye kwa kupandikiza hana mpinzani kuanzia hapa mpaka ng'ambo ya mto, alikuwa akinitazama nikisimama kila baada ya mistari miwili kunyoosha kiuno, anawaambia wenzake kwa sauti ya kusikika, "Mwacheni Mama Remi, anakagua mawingu." Wanawake wanacheka, na mimi nacheka. Halafu najifanya naenda kunywa maji, nikifika nyuma ya mabua nalia. Iliniuma, siwafichi, kwa sababu mimi si mvivu na kwetu Lupiro sikulelewa uvivu.

Sasa siku moja kwenye zahanati nimekwenda kuomba dawa ya ule upele, nesi akanitazama mabega, akaniambia, "Mama, hili ni tatizo linalotibika, usiteseke." Akaniandikia rufaa. Nikakaa na karatasi ile kama mtu aliyeokota ufunguo wa nyumba asiyoijua, mwisho nikajipa moyo, nikaenda mpaka Dar es Salaam kwenye hospitali kubwa (jina naliacha, wao hawana kosa lolote katika haya), nikaonana na daktari wa upasuaji, mwanamke mpole, ana sauti ya chini, akanipima, akanipeleka kwenye vipimo vingine kuhakikisha hakuna uvimbe, halafu siku niliyorudi akanikalisha kunielezea.

Na alielezea! Alisema upasuaji huu haufanywi ili mtu apendeze kwenye picha, unapunguza uzito unaoumiza shingo na mgongo, lakini si wa kuchezea, una makovu, moja linazunguka chuchu, jingine linashuka chini, jingine linapita chini ya titi, na hayo hayafutiki, yanafifia tu. Alisema chuchu inaweza kupoteza hisia. Alisema matiti hayatalingana kama mayai ya duka, na hawezi kuniahidi saizi. Alisema mkitaka mtoto mwingine huenda kunyonyesha kukawa shida au kusiwezekane kabisa, kwa hiyo hili ni la kuzungumza nyumbani kwanza. Mimi nilikuwa naitikia tu, "Nimeelewa daktari, nimeelewa daktari," kama ninavyoitikia sala za ibada ambazo nazijua kwa moyo.

"Umezungumza na mwenzio?"

"Tumezungumza." (Baba Remi wakati huo alikuwa Namawala anajua nimekwenda kupimwa mgongo.)

"Kuna dawa yoyote unatumia? Za maumivu, za kienyeji?"

"Hapana daktari." Hapo mnielewe vizuri. Shangazi yangu wa Lupiro alikuwa ananichemshia mizizi ya kutuliza mgongo, naibeba kwenye chupa, nakunywa asubuhi na jioni, lakini kwa hesabu zangu dawa ni kidonge na sindano. Mizizi ni mizizi.

Akanipa karatasi ya maelekezo, ya Kiswahili kabisa, imepigwa chapa vizuri, akasema niisome na ndugu zangu, na siku nitakayolazwa nije na mtu wa karibu. Akanipangia mwezi wa sita. Nikaikunja ile karatasi mara nne.

Na hapa ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo, mdogo kweli, wa dakika moja: nilipofika nyumbani nikaificha ile karatasi chini kabisa ya debe la mbegu za mpunga. Niliona, nikiwaambia watu ninakwenda kupunguza matiti, nusu watasema nina kansa waanze kunililia ningali hai, na nusu watasema nataka kurudi usichana niwanyang'anye waume zao. Mama mkwe ndiye niliyemwogopa kuliko wote, nilijua atasema mvivu sasa anakwenda kupasuliwa ili apate sababu ya kulala. Debe la mbegu halifunguliwi mpaka msimu mwingine, nikasema hapo pana usalama, na maelekezo yote ninayo kichwani.

Kichwani yalibaki haya: usile chakula kuanzia saa sita usiku wa kuamkia upasuaji. Basi.

Mwezi wa sita ukafika, na kwetu mwezi wa sita kuna mpunga mpya, na palipo na mpunga mpya kuna pepeta. Kwa asiyezijua, mpunga unalowekwa, unakaangwa kwenye chungu, unatwangwa ungali wa moto mpaka punje zinalala zinakuwa bapa, unapepetwa, basi, unatafuna. Unatafuna ukitembea, ukisuka ukili, ukimsubiri mtu, ukisengenya. Hakuna mtu wa bonde hili aliyewahi kuziita pepeta chakula. Chakula ni wali. Mtu ametafuna pepeta tangu asubuhi mpaka saa nane, ukimuuliza umekula, atakwambia kwa uso mkavu, "Sijala, tangu asubuhi!" Na hasemi uongo.

Kwa kuwa nilisema nakwenda tena kupimwa mgongo tu, wakaniaga kama msafiri wa kawaida. Mama mkwe aliamka kutwanga mwenyewe, akaniletea mfuko mzima wa rambo, akasema, "Mama Remi, ukifika kwa watu usikae mikono mitupu, wagawie." Nikapokea kwa mikono miwili. Baba Remi akasema anisindikize, nikamkatalia, nikamwambia mpunga utaliwa na ndege, abaki. Nikapanda basi peke yangu.

Wakanilaza siku moja kabla. Jioni Sista akapita, akasema waziwazi, "Kuanzia saa sita usiku msile wala msinywe kitu." Nikasema, "Ndiyo Sista." Wodi yetu tulikuwa wanawake sita, jirani yangu wa kulia Mama Masanja, Msukuma, ana tezi kubwa la shingo, tukapiga stori tukagundua boma lao liko huku huku kwetu, upande wa pili wa mbuga, tukafurahi kama ndugu waliopotezana (na mimi kwa furaha hiyo nikamwambia jina langu lote, kijiji, mume wangu nani, na nimekuja kufanya nini, maana huko Dar niliona niko mbali na dunia). Wa kushoto alikuwa Bibi Zuhura, mama mtu mzima, na ngiri yake.

Asubuhi njaa inauma, wanatuambia foleni ya kwenda chumba cha upasuaji inakuja, tusubiri. Tukasubiri. Mimi nikisubiri mikono inatafuta kitu. Nikavuta ule mfuko, nikachota kiganja kimoja, nikaanza kutafuna taratibu, na moyo wangu umetulia kabisa. Halafu nikaona macho ya Mama Masanja. Sasa jamani, mtu wa kwetu anatafuna peke yake mbele ya mwenzake? Mama mkwe si alisema niwagawie?

"Chukua, mpunga mpya huu," nikamwambia.

Akasita. "Si tumeambiwa tusile?"

"Kwani hiki chakula? Hizi pepeta."

Akafikiri kidogo, maana na yeye amekaa bonde hili miaka, akanyoosha kiganja. Bibi Zuhura akauliza kwa huruma, "Mwanangu, mimi sina meno, hizo zinalainika?" Nikamwambia zimung'unye tu, Bibi, zinalainika zenyewe. Nikawa nimewahudumia wote wawili, tena nikawaongeza, na nikajisikia mtu mwema sana.

Tukasikia viatu vinakuja kwa wingi. Akaingia daktari wangu, daktari wa usingizi, na wanafunzi wao kama kumi na makoti meupe. Sijui kwa nini, kama kweli si chakula, lakini mkono wangu uliukamata ule mfuko ukauficha, na mnajua ninapoficha vitu. Funguo, simu, leso, vyote miaka yote vinakaa chini ya titi la kushoto, na nafasi ilikuwepo. Nikausokomeza mfuko humo ndani ya gauni la hospitali, nikakaa wima.

Daktari wa usingizi, kijana mrefu, akauliza wodi nzima, "Wapo waliokula au kunywa chochote tangu usiku?"

Mimi ndiye niliyejibu kwa niaba ya wote, "Hatujala daktari, tumefunga kabisa."

Daktari wangu akanivutia pazia, akasema kabla ya upasuaji lazima anichoree alama kwa kalamu nikiwa nimesimama, maana titi la mtu aliyesimama na la aliyelala si moja. Wanafunzi watatu wakaingia naye, heshima tupu. Akasema, "Mama, simama wima, tushushe gauni, halafu inua mikono juu."

Ndugu zangu, nifanyeje? Niliinua mmoja, wa kulia. Akasema, "Na wa kushoto." Nikasema wa kushoto unauma. Akasema kwa upole wake ule, "Taratibu tu mama, hatuna haraka." Nikainua.

Mfuko ulianguka kwa kishindo kidogo tu, lakini ulipasuka. Pepeta zikamwagika miguuni, sakafu yenyewe ya vigae vinavyoteleza, zikatiririka chini ya pazia mpaka katikati ya wodi, na mimi nimesimama kifua wazi, mikono juu kama mwizi aliyekamatwa. Daktari ameshika kalamu anatazama chini. Mwanafunzi mmoja akaokota punje akainusa. Nikasikia ng'ambo ya pazia sauti ya Mama Masanja, mtu mkweli yule, hajui kuficha, "Daktari, hizo ndizo tulizotafuna. Ametugawia huyo mama."

Na Bibi Zuhura akaongezea, "Mimi sikutafuna, nilimung'unya."

Yule kijana wa usingizi akafungua pazia (nilivaa haraka, msiwe na wasiwasi), akaniuliza, na hakuwa anacheka, "Mama, unajua mtu akiwa kwenye usingizi wetu koo lake halijui kujilinda? Kilichomo tumboni kinapanda, kinaingia mapafuni. Mtu anaweza kufia mezani. Wewe, na hawa wenzio wawili."

Nilimtazama Mama Masanja na shingo yake, mtu niliyemwita ndugu jana jioni, nikaona kwamba nilikaribia kumuua kwa ukarimu. Hilo wanakijiji hawalisimulii wakinicheka, lakini mimi ndilo ninaloliota.

Daktari wangu akakaa kitandani kwangu. Akaniuliza swali ambalo nilitamani ardhi ipasuke, "Mama Remi, kuna kitu kingine chochote umetumia ambacho wewe kwa maoni yako si chakula, au si dawa?"

Nikatoa chupa ya mizizi.

Wanafunzi waliinama, mabega yanawatikisika, mmoja akatoka nje kabisa. Daktari hakucheka. Aliigeuza chupa akasema, "Hatujui ina nini. Nyingine zinazuia damu kuganda. Siwezi kumpasua mtu mwenye kitu nisichokijua mwilini." Mama Masanja na Bibi Zuhura wakasogezwa kesho yake, na mimi, kwa kuwa langu halikuwa la dharura, nafasi yangu ikapewa mwingine, nikaambiwa nirudi nyumbani, niache mizizi, nitapigiwa simu. Sista aliyekuja na ufagio akawa anafagia anasema peke yake, "Mama Pepeta huyu, Mama Pepeta!" Jina likapatikana hapo.

Njia nzima kurudi nilijifariji kwa jambo moja: nyumbani hakuna anayejua. Nimekwenda kupima mgongo, nimepima, nimerudi.

Kumbe mume wa Mama Masanja alikuwa nje na simu. Amepiga bomani kueleza kwa nini mkewe hajapasuliwa, na bomani wakapeleka habari mnadani, na ikishafika mnadani haina mwenyewe tena. Nateremka stendi ya Ifakara, bodaboda wa kwetu anayenijua ananiwahi mkoba, "Shikamoo Mama Remi, pole na safari. Na matiti ndiyo hayakupungua tena?" Alisema kwa heshima, shikamoo yake kamili. Watu wa stendi wote wakageuza shingo kupima kwa macho. Nilipanda pikipiki nikajifunika kanga kichwa kizima, na barabara yetu mnaijua ilivyo na mashimo, kila shimo tulilopita mizigo yangu ilinipa jibu.

Nyumbani nilikuta Baba Remi amekaa sebuleni na mama yake. Mezani ipo ile karatasi, imekunjuliwa, bado ina pumba za mpunga kwenye mikunjo. Walipekua nyumba nzima. Debe la mbegu lilikuwa limemwagwa.

"Yaani mke wangu," akasema Baba Remi taratibu, "mimi nimepata habari za mwili wako kutoka kwa mchunga ng'ombe."

Ningepigwa ingekuwa nafuu. Nilikaa chini mkekani. Akaanza kuisoma ile karatasi kwa sauti, mstari kwa mstari, usinywe dawa za maumivu bila kumwambia daktari, acha dawa zote za kienyeji majuma mawili kabla, usivute tumbaku wala usitumie ugoro, *usile wala usitafune kitu chochote* (wallahi imeandikwa hivyo, usitafune!), njoo na ndugu, na baada ya upasuaji majuma sita usinyanyue kitu kizito, usibebe ndoo kichwani, usitwange, usipande baiskeli wala pikipiki, lala chali, vaa sidiria ya kubana isiyo na waya usiku na mchana. Alipofika pa kunyonyesha akanitazama.

"Ungeniuliza," akasema. "Watoto watatu wananitosha. Ungeniuliza tu."

Mama mkwe akanigeukia. Nikajua sasa yangu yamekwisha, nangojea yale ya mawingu. Akainuka akaja mpaka nilipokaa, akaishusha kanga yangu begani bila kuomba ruhusa, akapitisha kidole kwenye ule mfereji wa mkanda. Kidole kiliingia kikalala humo.

"Toka lini hivi?"

"Tangu sijaolewa, Mama."

"Na ulikuwa unainama na hii." Akakaa chini karibu yangu, mama mtu mzima, akashika magoti yake. "Mimi nilisema wewe ni mvivu. Mbele ya watu nilisema. Mbona hukunijibu, mwanangu?"

Tukalia wote wawili, kwa sauti, mpaka jirani akaja kuuliza kuna msiba gani.

Kuanzia jioni hiyo mimi nilikata shauri, nikasema nitarudi pale pale hospitali, wanicheke, waniite jina wanalotaka, nitarudi. Lakini kwanza nilikwenda bomani kwa Mama Masanja, aliyekuwa amesharudi na bandeji shingoni, nikampigia magoti nikamwomba radhi, nikampelekea jogoo. Akasema, "Nilichukua kwa mkono wangu. Ila siku nyingine uliza kwanza, halafu ndiyo ugawe." Halafu akaongeza kwa sauti yake mpya ya kukwaruza, "Hata hivyo zilikuwa tamu."

Simu ya hospitali ilikuja mpunga ukiwa umeshaingia ghalani. Safari hii nilisindikizwa na mama mkwe. Hajui kusoma, lakini alikuwa akimwambia mwanawe amsomee ile karatasi kila jioni mpaka akaikariri yote, akawa ananiuliza kwenye basi kama katekista anayeuliza watoto wa komunyo, "Dawa za kienyeji?" Nimeacha. "Za maumivu?" Nimeacha. "Ugoro?" Mama, mimi situmii ugoro, wewe ndiye unayetumia. "Sijakuuliza habari zangu." Kufika hospitali tukamwambia daktari kila kitu bila kupunguza, hata kikombe cha tangawizi nilichokunywa Mikumi.

Asubuhi ya siku yenyewe yule yule kijana wa usingizi akasimama mbele yangu, nimemtambua, na yeye kanitambua. "Mama, umekula?"

"Sijala, sijanywa, sijatafuna, sijamung'unya, sijaonja na sijagawa."

Mama mkwe akanyanyua mkoba wangu akaukung'uta juu chini mbele yake. Kikaanguka kitana tu. Yule kijana akanipeleka ndani.

Nisiwadanganye kwamba niliamka naimba. Nilizinduka natapika, kifua kimefungwa, mirija miwili midogo inatoa damu na majimaji, na siku tatu za kwanza nilijiuliza nani alinituma. Michubuko ilikuwa ya rangi zote. Upande mmoja ulivimba kuliko mwingine, mama mkwe akaenda kumvuta Sista kwa mkono, maana karatasi ilisema ukiona upande mmoja umevimba ghafla, au homa, au usaha, usikae nalo moyoni. Sista akaangalia, akasema huu ni uvimbe wa kawaida, akamsifia mama kwa kuuliza. Chuchu ya kulia mpaka leo haina hisia vizuri, na makovu yapo, nayaona kila ninapooga. Lakini siku niliyosimama wima mara ya kwanza kwenda chooni, mabega yalirudi nyuma yenyewe. Sikuyaambia. Nilisimama pale koridoni nimeshika ukuta nikatoa machozi, Mama Kolastika akadhani nasikia maumivu.

Majuma sita nyumbani alinilinda kuliko mahabusu. Nikigusa ndoo, "Mama Remi!" Nikigusa mchi, "Karatasi imesema nini?" Alinichotea maji, aliniogesha mgongo, aliwatimua waliokuja "kumpa pole mgonjwa" huku macho yao yanapima kifua. Na karatasi yenyewe nilimwambia Baba Remi aibandike ukutani, nje, kwenye kibaraza, mahali ambapo anayekuja kuomba moto anaiona. Tangu hapo moto wangu unaombwa sana. Wiki iliyopita amekuja dada mmoja wa ng'ambo ya mto, mabega kayakunja, anasoma anajifanya anasubiri kibiriti. Nikamvutia kigoda nikamwambia kaa, soma yote, usikunje.

Msimu uliofuata wa kupandikiza nilishuka jarubani na wenzangu. Mistari miwili ikaisha, sikusimama. Mitano. Kumi. Nyuma yangu nikasikia mtu anahema, nikageuka, Mama Kolastika kasimama, kashika kiuno, anatazama juu.

"Mama, unakagua mawingu?" nikamuuliza.

Akacheka mpaka akakaa kwenye tuta. Akafungua pindo la kanga, akanichotea kiganja cha pepeta, "Njoo ule kwanza, umenichosha." "Ule," kasema mwenyewe, mama aliyezitwanga. Basi na mimi naapa mbele yenu nyote, sirudii tena ubishi huu maishani: pepeta ni chakula.